62 kwa 31: huu ni mpira au mieleka?

*Swali la msomaji:* "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Tampa, Florida, na familia yangu. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, alinionyesha mkanda wa zamani wa fainali ya mwaka 1998 ya mpira wao ule wa kucheza ndani ya ukumbi, timu ya hapa Tampa dhidi ya Orlando. Orlando walishinda 62 kwa 31. Mpira unagonga wavu unarudi, mchezo unaendelea, watu wanabamizwa ukutani, hakuna anayekaba. Mke wangu alitazama dakika kumi akasema hii ni mieleka ya televisheni, matokeo yamepangwa. Lakini mzee yule ana uchungu nayo hadi leo, na kila Orlando ikitajwa anakunja uso. Sasa kijana wetu wa miaka 14 anataka kujiunga na timu ya watoto inayocheza mtindo huohuo ukumbini. Je, huu ni mchezo wa kweli? Pointi zote zile zinatoka wapi? Na mwanangu nimruhusu?"

Ndugu yangu, swali lako lina sura mbili. Juu umeuliza kuhusu pointi, lakini nadhani linalokukosesha usingizi ni lile la mwisho. Nitaanza na pointi hata hivyo, kwa sababu ukishaelewa zinakotoka utaelewa pia hatari ya mwanao inakaa wapi. Vyote viwili vinatoka shimo moja.

Mchezo ni wa kweli. Hakuna aliyeandikiwa aanguke wapi. Wenyewe wanauita "arena football", na baba yake anajulikana: Jim Foster. Mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama soka la ukumbini, akajiuliza kwa nini mpira wa Kimarekani nao usiingizwe ndani. Akachora uwanja nyuma ya bahasha ya kaki papo hapo. Ligi ilianza 1987 na timu nne tu. Mmojawapo wa wanne hao, Pittsburgh, alihama mwaka 1991 akawa Tampa Bay Storm, timu ya jirani yako. Mwaka huohuo Orlando Predators wakaanza. Miji hiyo miwili imeunganishwa na barabara kuu moja, I-4, mwendo wa saa moja na nusu hivi foleni ikiwa na huruma, na uhasama wao ukapewa jina la barabara hiyo: Vita vya I-4.

Utani wa Simba na Yanga unaujua, kwa hiyo nikikusimulia hili utaelewa kwa nini mzee anakunja uso. Mrushaji mkuu wa Tampa katika miaka yao ya dhahabu alikuwa Jay Gruden. Akiwa na jezi yao alitwaa ubingwa mara nne: 1991, 1993, 1995 na 1996. Ule wa 1995 waliuchukua mikononi mwa Orlando haohao, 48 kwa 35. Kisha Gruden akastaafu kucheza, akapitia Nashville mwaka mmoja kama kocha msaidizi, na mwaka 1998 akaibuka kama kocha mkuu wa... Orlando. Mtu ameondoka Jangwani, kaingia Msimbazi na funguo zote za nyumba ya zamani mfukoni. Fainali ikachezwa Tampa, mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia miaka miwili kabla, naye akawatandika 62 kwa 31. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Orlando baada ya kushindwa fainali tatu. Mpe pole mzee. Na timu yake yenyewe ilikufa Desemba 2017, miezi michache baada ya kupoteza fainali nyingine, 44 kwa 40, kwa Philadelphia. Hana hata mahali pa kulipizia kisasi.

Sasa pointi. Umesema hakuna anayekaba. Hapo ndipo karibu kila mgeni wa mchezo huu anapoteleza, nami niliteleza vilevile mara ya kwanza. Hebu tupige hesabu kidogo. Uwanja wa nje wa Kimarekani una urefu wa yadi 100, karibu meta 91, na upana wa meta 49 hivi. Ule wa ukumbini una yadi 50 kwa futi 85, yaani kama meta 46 kwa 26, kwa sababu ilibidi utoshe mahali palipojengwa kwa ajili ya hoki ya barafu. Eneo lake, ukiacha sehemu za kufungia, ni robo na kidogo tu ya ule wa nje. Wachezaji nao wamepunguzwa, lakini si kwa kiasi hicho: kutoka 11 kila upande hadi wanane. Eneo limebaki robo, watu wamebaki karibu robo tatu. Kwa hesabu hiyo kila mtu amebanwa karibu mara tatu ya mwenzake wa nje. Ungetegemea pointi zipungue, sivyo? Pakibanana, kukaba kunakuwa rahisi. Foster aliliona hilo, na kanuni zake karibu zote zimetungwa kuliondoa tatizo hilo moja.

Ya kwanza ni mwendo wa mpokeaji. Nje, mpokeaji wa pasi haruhusiwi kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujaanza. Ukumbini mmoja wao anaruhusiwa. Fikiria mbio za kupokezana vijiti: anayepokea anakuwa ameshaanza kukimbia, anafika kwenye mstari akiwa na kasi yote. Sasa mweke mbele yake beki aliyesimama wima, aiambie miguu "twendeni" pale mwenzake anapompita. Kwenye uwanja wa meta 46, hatua tatu za mbele zinatosha kufunga.

Ya pili, wakabaji wenyewe wamefungwa kamba. Nyuma ya watu watatu wa mstari wa mbele wa ulinzi kuna viungo wawili. Mmoja anaruhusiwa kumvamia mrushaji, mwingine anatakiwa kubaki ndani ya kisanduku chake, haruhusiwi kuvamia wala kukimbilia nyuma kusaidia mabeki kabla ya wakati wake. Ukitazama mkanda tena utamwona: amesimama katikati kama askari wa trafiki asiye na filimbi. Mkeo anamwona huyo anasema "huyu mbona hakabi?" Angekaba angepigiwa kosa.

Ya tatu, hakuna kupiga mpira mbali kuuondoa. Nje, timu iliyokwama inapiga mpira juu, mpinzani anaanzia huko nyuma kabisa, na dakika zinakwenda bila chochote. Ukumbini kitu hicho hakipo. Una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukikwama jaribio la nne, ama upige langoni ama ujaribu tena na uukabidhi mpira hapohapo ukishindwa. Na kwa kuwa uwanja mzima ni yadi 50, popote ulipo goli la mpinzani liko ndani ya mkono wa mrushaji mzuri.

Ya nne ni ule wavu. Huenda umedhani uko pale kuzuia mpira usiende kwa watazamaji, kama nyavu za nyuma ya goli kwenye viwanja vyetu vya mtaani. Hapana, wavu ni mchezaji. Umefungwa pande zote mbili za milingoti, umekazwa sawasawa, na mpira ukiugonga haujafa. Pasi iliyopita kimo ikadunda kwenye wavu ikadakwa kabla ya kugusa chini ni pasi halali. Mkwaju uliokosa milingoti ukarudi ni mali ya atakayeuwahi. Lango lenyewe ni jembamba mno, upana wa futi 9 wakati la nje lina futi 18 na nusu, na mwamba wake uko futi 15 juu, kwa hiyo mikwaju mingi inakosa na inarudi uwanjani. Kitu hiki Foster alikichukulia hataza mwaka 1990, ikadumu hadi 2007. Wengine waliotaka kuanzisha ligi za ukumbini ilibidi wacheze bila nyavu, na hata leo ligi kadhaa hazina. Mpira unaovuka ukuta na kuingia jukwaani, hiyo ni zawadi ya aliyeudaka. Hata mzee wako huenda anao mmoja kabatini. Muulize.

Sasa weka yote pamoja. Tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira kwenye sehemu ya kufungia ya mpinzani, ni pointi 6, na mkwaju wa nyongeza 1. Pointi 62 ni kama tachidauni nane zenye nyongeza na nyingine moja isiyo nayo. Idadi hiyo si kubwa kama inavyoonekana kwa macho ya mtu wa soka, lakini si dalili ya ulinzi mbovu pia. Mfano ulio karibu zaidi na kwetu si soka wala kikapu, ni netiboli. Dada zetu wakicheza, kila bao likifungwa pasi ya katikati inaanzia kwa zamu, na kila timu inatarajiwa kufunga kwenye zamu yake. Ndiyo maana netiboli inaisha 52 kwa 47 na hakuna anayesema hawakukaba. Mchezo unaamuliwa na zile zamu nne au tano ambazo pasi ilinyang'anywa. Ukumbini ni vilevile. Kila timu inatarajiwa kufunga ikiwa na mpira. Anayeshika kalamu hahesabu pointi, anahesabu mara ngapi kila upande *ulikwama*.

Ukiitazama fainali ile kwa jicho hilo, 62 kwa 31 si goli-goli ovyo, ni kipigo. Maana yake Orlando hawakukwama karibu kabisa, na Tampa walikwama zamu baada ya zamu, nyumbani kwao. Linganisha na fainali ya 2011, Jacksonville 73, Arizona 70, iliyoamuliwa kwa pasi ya mwisho muda ukiisha. Pointi 143, na tofauti ni mkwaju mmoja. Hiyo ndiyo mechi ambayo kila mtu alifunga zamu yake hadi mmoja akapepesuka. Kama unataka kumwonyesha mkeo mkanda utakaombadilisha mawazo, anza na huo. Ule wa 1998 ni wa kumtesa mzee tu.

Na kuhusu ubora wa wachezaji, nitakupa jina moja niache hapo: Kurt Warner. Alikuwa akipanga bidhaa usiku kwenye duka la vyakula Iowa, akaenda kucheza ukumbini na Iowa Barnstormers. Fainali ya 1996 timu yake ilifunga pointi 38 ikafungwa na Tampa hii ya jirani yako yenye 42. Miaka mitatu na nusu baadaye, Januari 2000, aliongoza St. Louis Rams kushinda Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya uwanja wa nje, 23 kwa 16, akawa mchezaji bora wa mechi. Pointi 38 zikampa kilio, 23 zikampa pete. Mtu yuleyule, uwanja tofauti.

Tuje kwa kijana.

Nimekuambia kila mtu amebanwa karibu mara tatu. Kanuni za Foster zimefanya kubanwa huko kusizuie pointi, lakini hakuna kanuni inayoweza kufanya kusizuie migongano. Mpokeaji anafika na kasi yote. Beki hana pa kurudi nyuma. Pembeni hakuna chaki ya kutoka nje ukapumua, kuna ukuta uliovishwa godoro, na mwenye mpira yuko mchezoni hadi augonge. Ukuta huo unapunguza makali kwa mbavu na bega, na wengi wanainuka wakicheka. Kichwa ni habari nyingine.

Wazazi wengi, wa kwetu hasa, wanafikiri kofia ngumu inamaliza tatizo. Kofia inazuia fuvu kupasuka, kazi ambayo inaifanya vizuri. Haizuii mtikisiko wa ubongo, kwa sababu ubongo umeelea ndani ya maji yake kama kiini cha yai. Ukitikisa yai kwa nguvu halafu likasimama ghafla, ganda linabaki zima, kiini kimeshapiga ukuta wa ndani. Si lazima kichwa kigongwe. Mwili ukisimamishwa ghafla ukutani na shingo ikatupwa, inatosha. Na si lazima mtoto azimie. Walio wengi hawazimii. Wanaonekana wamepumbaa kidogo, wanauliza matokeo mara mbili, mwanga unawaumiza, usiku hawalali au wanalala kupita kiasi.

Hatari kubwa ni kurudi uwanjani kabla ubongo haujapona. Pigo la pili, hata dogo, likilikuta lile la kwanza bado bichi linaweza kuleta madhara makubwa, na kwa vijana limewahi kuua. Kwa hiyo majimbo yote ya Marekani, Florida likiwemo, yana sheria: mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa mchezoni siku hiyohiyo na harudi bila idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kocha hana ruhusa ya kuamua. Wewe pia huna, na nakuomba usiamue. Nasema hivi kwa sababu najua malezi yetu. Tumelelewa kwa "jikaze, wewe ni mwanaume", na mtoto aliyelelewa hivyo ataficha maumivu ili asimwaibishe baba aliyeketi jukwaani. Mwambie kabla ya msimu, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba kusema "kichwa kinaniuma" hakumpunguzii chochote machoni pako.

Je, umruhusu? Nikiwa mkweli, kwa mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani wa aina yoyote, singeanzia ukumbini na kuangushana. Si kwa sababu ni mchezo mbaya. Ni kwa sababu ustadi wa kuangusha mtu kwa bega, kichwa kikiwa pembeni na macho juu, unajifunzwa vizuri penye nafasi, polepole, na ukumbini nafasi ndiyo isiyokuwepo. Kuna njia ya kati nzuri sana: mchezo wa bendera, ambapo badala ya kumwangusha mwenye mpira unachomoa kitambaa kiunoni mwake. Unafundisha mbio, pasi, kusoma ulinzi, yote isipokuwa mgongano. Usimwambie ni wa watoto wadogo, atakukatalia. Mwambie utachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, maana ni kweli. Msimu mmoja wa bendera, kisha mzungumze upya akiwa na miaka 15 na mwili umeshakomaa kidogo.

Lakini wewe ndiye unayemjua. Labda ana miaka miwili ya kuangushana nje na amefundishwa vizuri. Labda timu hiyo ya ukumbini yenyewe inacheza bendera, maana siku hizi nyingi za watoto ziko hivyo, na hukueleza. Kama ni ya kuangushana na ameshikilia hapohapo, basi nenda ukaone mwenyewe, siku ya mazoezi wala si siku ya mechi. Bonyeza ukuta kwa kiganja: godoro liwe nene, lifike chini, pasiwe na pengo penye mlango wala kona tupu. Uliza wanafanya mazoezi ya kugongana siku ngapi kwa wiki. Wakikujibu "kila siku" kwa fahari, shika mkono wa mwanao mwondoke. Uliza nani pale, asiye kocha, ana mamlaka ya kumtoa mtoto. Kama jibu ni kimya, hilo nalo ni jibu. Na tazama wanavyowapanga: kijana wa kilo 50 kumwekea wa kilo 90 kwenye uwanja wa upana wa meta 26 ni uzembe, hata waseme nini kuhusu moyo.

Kabla ya yote hayo, mpeleke kwa daktari wa watoto apimwe. Mwambie daktari wazi kama aliwahi kuanguka vibaya au kugonga kichwa, hata zamani huko nyumbani kwenye mwembe, kama ana pumu, na kama kuna ndugu katika ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana. Hilo la mwisho watu hulipita, wakati moyo ndio unaoangaliwa hapo. Msimu ukianza, akigonga kichwa na akawa sawa-sawa tu, asirudi uwanjani siku hiyo, na kesho yake aonwe na daktari. Lakini akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, akiongea kama aliyelewa, akishindwa kuamshwa, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono ama mguu ukilegea, usimsubiri kocha wala usiniandikie mimi. Piga 911.

Ukishatembelea ukumbi wao, niandikie tena. Nipe uzito wa kijana, alichowahi kucheza, na walikujibu nini kuhusu mazoezi ya kugongana. Na picha ya ukuta, tafadhali, hasa kwenye kona.